Marehemu Ndani ya Boti

Siku niliyopata habari kuwa mimi ni marehemu, nilikuwa nimesimama jikoni mwa boti nageuza chapati. Boti ilikuwa imefungwa gatini, katika kisiwa cha Wagiriki kiitwacho Naksosi, na aliyeniletea habari hakujua kama ananipa msiba wangu mwenyewe.

Nitaeleza taratibu. Nikieleza kwa hasira nitaruka mambo, na sitaki kuruka hata moja.

Mie naitwa Mwanamize. Nilizaliwa Unguja, nikakulia Jidda. Wazee wangu walikuja huku baada ya yale ya mwaka sitini na nne, nami mtoto wa kubebwa. Skuli nilisoma miaka michache, kisha nikaolewa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mhadhrami mweupe, na mtoto wetu wa pekee, Mselem, katoka yeye mtupu: pua, nywele, rangi. Mie ni mweusi, na kwa mwanangu sikuambulia kitu isipokuwa uchungu wa kumzaa. Tukipita sokoni watu walikuwa wakitutazama mara mbili, nasi tukicheka. Siku zile Mselem alikuwa akinishika mkono.

Sasa Mselem anafanya kazi Riyadh, katika ofisi moja ya mtaa wa Murabba. Bosi wake ni kijana mwenziwe, Marwan, mtu wa nyumba kubwa ya huko huko. Mselem alipoachana na mkewe, mtoto wao, Hana, aliletwa kwangu Jidda, mtaa wa Nuzha, hajui hata kuvaa kiatu. Leo ana miaka mitano, na bado analala ubavuni mwangu. Silalamiki. Nasema ili ijulikane nani ni nani.

Basi Mselem akanipigia simu akasema Marwan amekodi boti ya tanga, wanakwenda kuzunguka visiwa vya Ugiriki, naye kaalikwa na mtoto wake. Akaniambia pia lile lililokuwa nyuma ya mwaliko: Marwan ana dada yake, na Mselem anataka kumposa. Watu wa kule wanataka kumwona mtoto, na yeye Mselem wamjue vizuri. Akasema, "Mama, na wewe uje. Hana hatalala bila ya wewe."

Nilifurahi, wallahi. Tangu nizaliwe nimekwenda Makka na Madina, na Unguja mara moja kumzika shangazi yangu. Nikazunguka jengo zima la Nuzha nikiwaambia majirani kuwa mwanangu ananipeleka Ulaya. Nikashona baibui jipya. Jirani yangu mmoja akanitania kuwa nitarudi na mume wa Kigiriki, nikamwambia basi nitamletea na yeye wake.

Tulipitia Riyadh kwanza, tukalala kwa Mselem. Asubuhi, tukiwa tunafunga mizigo, akanikalisha kitako akanambia watu hawa wana taratibu zao, nisiseme sana, na yakija mambo ya ukoo nimwachie yeye. Nikaona ni sawa. Mambo ya posa yana wenyewe. Na pasi zetu akazishika yeye, yangu na ya mtoto.

Boti yenyewe ilikuwa ndefu, nyeupe, na mlingoti wake umelipita jengo letu kwa urefu. Nahodha alikuwa mzee wa Kigiriki anayeitwa Yorgo, mtu wa maneno machache. Tanga likishapanda huzima injini, na boti inalala ubavu, kila kilichokuwa mezani kinateleza upande mmoja. Hana alicheka mpaka akapaliwa. Mie nilisoma Ayatul Kursi mpaka nikazoea, na nilipozoea nilipenda, sidanganyi. Upepo unavuta, na husikii kitu ila maji yakipasuka mbele. Visiwa vinatokea kimoja kimoja, vikavu, vya mawe, halafu ghafla unaona nyumba nyeupe zimepandana kama mtu kazimwaga kutoka juu.

Wakati wa kula, Nufu, mke wa Marwan, alikuwa akinitengea sahani yangu na ya Hana tule chini, jikoni. Juu wanakaa yeye, mume wake na Mselem. Na mie, kwa ujinga wangu, nikaiona heshima kubwa. Marwan si maharimu yangu. Kwetu nimelelewa hivyo, mwanamke mtu mzima hakalishwi sinia moja na mwanamume wa kando. Nikasema moyoni, kumbe matajiri hawa adabu bado wanayo. Kuwa Nufu mwenyewe yuko juu, kichwa wazi, anacheka na mwanangu, hilo nililiona, nikasema ndio vijana wa siku hizi. Nilikuwa nikimwombea dua na tonge liko mkononi. Nikimaliza naosha vyombo vyote, vyangu na vyao, maana mikono yangu haijui kukaa bure.

Waliniita Bibi kwa kuwa Hana ananiita Bibi. Nilipenda hilo pia. Walidhani ndilo jina langu.

Basi Naksosi. Karibu na bandari kuna mlango mkubwa wa mawe umesimama peke yake juu ya kilima, nyumba hakuna, na asubuhi Marwan na Mselem walikwenda kuupiga picha. Hana alikuwa juu anachezea kamba na Yorgo. Nufu akashuka ngazi, akaegemea, akanusa chapati. Ni msichana mzuri, sitamsingizia. Akaniuliza nimekuwa na Mselem tangu lini.

Nikamwambia tangu azaliwe.

Akafurahi sana. Akasema, "Basi ulimjua mama yake, Mungu amrehemu."

Nikasahau chapati. Nikamuuliza taratibu, kama mtu asiyesikia vizuri, wao wameambiwaje kuhusu mama yake. Akanihadithia. Kwamba alikuwa mwanamke wa Kihijazi, mzuri, wa nyumba inayojulikana Jidda. Kwamba alifariki Mselem akiwa mdogo, na kaburi lake liko huko huko Jidda. Kwamba mie ndiye niliyemlea kijana akakua, na sasa namlelea mtoto wake, na yeye Nufu hajaona khadama, mtumishi wa ndani, mwaminifu kama mie. Halafu akapunguza sauti, kama mwanamke anayemwomba mwanamke mwenziwe.

"Huko kwenu hakuna ndugu yako? Nitafutie mmoja kama wewe. Hawa wa ofisi za watumishi hawakai."

Chapati iliungua. Nikazima moto. Nikamjibu kuwa kama mie ni shida kumpata, akacheka, akapanda juu.

Nilikaa pale chini natazama sahani zilizokaushwa. Kila mlo niliokula jikoni nikauhesabu upya. Wao hawakunipa heshima; walinilisha mahali pa khadama, nami nikawaombea dua. Na mwanangu alikuwa akitazama. Kila siku alikuwa akiitazama sahani ya mama yake ikiteremshwa ngazi, halafu anageuka kupokea chumvi.

Ningeweza kumwambia Nufu pale pale. Sikutaka. Nilitaka litoke kinywani mwa aliyenizika.

Nikavaa baibui langu jipya, nikamshika Hana mkono, tukashuka kwenye ubao mpaka gatini. Nikaketi juu ya mkoba wa tanga kuukuu uliokuwa pale. Yorgo akanionyesha saa, akanionyesha mbingu, kwamba upepo mkali utakuja na anataka kuondoka kabla. Nikamtikisia kichwa kuwa nimefahamu. Nilifahamu, lakini sikuondoka.

Marwan na Mselem wakarudi. Marwan akapanda. Mselem akanijia akitabasamu, akaniuliza kwa Kiswahili kama jua halinichomi.

Nikamuuliza, "Nimekufa kwa maradhi gani?"

Tabasamu likamtoka. Akatazama botini, akatazama maji. Nikamngoja, kungoja naweza.

"Sukari," akasema.

"Afadhali. Sukari ninayo kweli."

Akachuchumaa mbele yangu akaanza kusema kwa haraka, sauti ya chini. Kwamba nifahamu kidogo. Kwamba yalikuwa maneno tu, yalimtoka siku za mwanzo ofisini, mtu kamuuliza, naye akajibu, na neno likishatoka halirudi. Kwamba watu wale wanachambua asili ya mtu kama mchele. Kwamba posa ikishapita atalirekebisha polepole. Akaniita Mama mara nyingi kuliko alivyoniita mwaka mzima, lakini kwa Kiswahili, ambacho pale gatini hakikufahamiwa na mtu ila sisi watatu.

Nikamwambia asilirekebishe polepole. Aende pale, aseme mie ni nani, kwa Kiarabu, ili wasikie. Akisema, napanda boti, nakula popote watakapoiweka sahani yangu, hata jikoni, sijali. Asiposema, sipandi.

"Mama, utaniharibia."

"Nenda kaseme, Mselem."

Marwan na Nufu walikuwa wameshakuja nyuma ya boti kutazama kuna nini. Yorgo kashawasha injini. Mselem akainuka, akajifuta viganja kwenye suruali. Nilimtazama mgongo wake nikamwona mtoto wangu, wallahi, na nilimwombea. Nikasema, Mola, mfungue kinywa.

Akasema kwa Kiarabu kizuri, cha Riyadh, si chetu cha Jidda:

"Amechoka kidogo, mtu mzima. Mnisamehe, siwezi kumlazimisha. Yeye kwangu ni kama mama. Ndiye aliyenilea."

Nufu akaweka mkono kifuani, kwa jinsi lilivyomgusa. Marwan akatikisa kichwa kwamba huyu kijana ana wema.

Hiyo "kama". Nimezikwa nikanyamaza. Kaburi nimepewa, maradhi nimepewa, nikatania. Lakini pale mwanangu alikuwa na mlango wazi mbele yake, akauona, akajipatia sifa kwa kupita pembeni.

Nikasimama. Sikupiga kelele, sauti yangu haijui. Nikasema kwa Kiarabu cha mtaani kwetu nilichokua nacho.

"Binti yangu Nufu, uliniuliza kama nilimjua mama yake. Mama yake ni mie. Si kama. Nilimzaa mwenyewe, Jidda, nikamnyonyesha, na sijafa."

Mselem hakugeuka. Laiti angegeuka hata akanikana, ningejua kuwa ananiona. Marwan akamuuliza neno moja, "Kweli?" Naye akakaa kimya, na kimya chake wakakisoma.

Nufu alishuka kwenye ubao bila viatu. Akanibusu kichwani, akanibusu mkono, analia, akaniita Khala, kama mtu anavyomwita mama yake mdogo. Akasema, "Tumekulisha jikoni, Khala. Tumekulisha jikoni." Nikamwambia mie nilidhani ni heshima. Sikusema ili kumchoma, ndiyo ilikuwa kweli, lakini alilia zaidi. Hasira yangu kwake haikuwa kubwa. Ilikuwepo, maana hata ningekuwa khadama kweli, mzee ni mzee, na ngazi ile ilikuwa kali kwa magoti yangu. Nikamwambia na hilo.

Marwan akamwambia Yorgo azime injini. Hakunitazama machoni, haya ilimshika. Akaniomba nipande, nikae mbele, safari iendelee mie nikiwa mgeni wao. Nikamshukuru, nikamwambia nataka pasi yangu na ya mtoto na njia ya kurudi kwangu. Akashika simu mwenyewe, akatupangia meli kubwa ya abiria mpaka Athina na ndege mpaka Jidda.

Mselem akaingia ndani kuleta mizigo. Nitasema kweli, nilitegemea atatoka na mabegi matatu. Alitoka na mawili, langu na la Hana. Akayaweka miguuni mwangu, na pasi juu yake. Macho mekundu. Akasema, kwa Kiswahili, "Umeridhika?"

Akapanda ubao. Tuliiona boti yao ikitoka, tanga likapanda, likajaa. Hana akampungia mkono baba yake mpaka mkono ukamchoka, akaniuliza mbona Baba hapungi. Nikamwambia ana kazi ya kamba.

Sasa niko Nuzha. Majirani wameniuliza Ulaya ikoje, nikawaambia ina mawe mengi. Hana nimemwandikisha skuli ya karibu. Nasikia posa ile imesimama. Wenyewe hawakusema hapana, wamemwambia Mselem angoje. Kazini yupo bado, Marwan hakumfukuza. Nufu hunitumia salamu, nazipokea.

Mselem alipiga simu Ijumaa ya kwanza. Akanisalimia, akaniuliza sukari yangu. Nikamuuliza yuko na nani hapo alipo. Akasema yuko na wenzake, wanakunywa kahawa. Nikamwambia, haya, waambie unaongea na nani, kwa sauti, nisikie. Simu ikakatika. Akasema baadaye mtandao wa Riyadh ulikuwa mbaya.

Ijumaa ya pili nayo mtandao ulikuwa mbaya.

Jana amepiga tena. Alianza kwa kulia, na mie ni mama yake, kilio chake nakijua tangu kilipokuwa cha maziwa, kilinikata. Akasema amekosa, anajua amekosa, nimsamehe. Hana alikuwa anavuta nguo yangu anataka kusema na Baba. Nikamuuliza tena yuko na nani.

"Niko peke yangu, Mama. Nimejifungia chumbani."

Nikamwambia, "Basi mwanangu, nipigie ukiwa na watu."

Nikampa Hana simu aseme na baba yake, mie nikaenda jikoni.