Ubao wa Mama Epiphanie

Jumanne saa mbili asubuhi, Mama Epiphanie alikuwa akichambua maharagwe mlangoni kwake Nyamitaba alipomwona binti yake Vestine akirudi kutoka shuleni na madaftari. Vestine alikuwa na miaka kumi na tisa. Vita vilimchelewesha, na sasa alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, mwenye mimba ya miezi mitano. Barua aliyopewa ilisema msichana mwenye mimba haruhusiwi darasani. Viongozi wa makanisa yanayoendesha shule ndio walioitunga sheria hiyo, na ofisi ya elimu ya serikali ikaipiga muhuri. Mwanamume hakutajwa.

Vestine aliketi, akachambua maharagwe na mama yake. Punde maandishi ya chaki yakaanza kutokea kwenye ukuta wao wa udongo, mstari kwa mstari. Ulikuwa mwandiko wa Mwalimu Hilaire wa hesabu, kama alivyokuwa akiandika ubaoni shuleni saa hiyo hiyo.

"Njo somo ya leo," Vestine akasema, akafungua daftari.

"Andika mbio, mbele mvua inyeshe," mama yake akasema, akitazama mawingu.

Ikawa hivyo kila siku. Wasichana wawili waliofukuzwa mwaka uliopita walikuja na vigoda vyao, mmoja akinyonyesha. Mkuu wa shule, Papa Zéphyrin, alikuja na watu wawili, wakaukandika ukuta upya. Saa sita chaki ikatokea juu ya udongo mbichi.

"Sheria njo sheria, Mama," Papa Zéphyrin akasema.

"Basi mukataze ukuta."

Inspekta wa serikali naye alifika, akalisahihisha daftari la Vestine, akampa tisa juu ya kumi. "Lakini bila ruhusa ya kanisa," akasema, "jina yako haiwezi kuingia ku mutihani ya Serikali."

Alipoondoka, Vestine, ambaye miezi yote hiyo hakuwa amemtajia mtu jina, akachukua kipande cha makaa. Chini ya hesabu akaandika: *Baba ya mutoto wangu iko Mwalimu Hilaire.*

Shuleni, maneno hayo yakatokea katikati ya ubao. Wanafunzi arobaini wakayasoma kwa sauti, kama walivyofundishwa kusoma kila kinachoandikwa pale. Hilaire akafuta kwa kitambaa, kisha kwa mkono wa shati. Hayakufutika.

Kamati ya makanisa ikakaa, ikaamua ubao ufunikwe kwa pazia. Hilaire aliendelea kufundisha, akiandika pembeni. Mtihani ukafanyika bila Vestine.

Asubuhi iliyofuata mtihani, maneno ya ubaoni yalikuwa yamejitokeza juu ya pazia, ila yamefifia. Mama Epiphanie aliposikia, akamletea binti yake makaa mengine.

"Andika kubwa," akasema. "Bale ba nyuma ya darasa nabo basome."