Siku Muzee Bulaimu Alipoloweka Muhogo

Wakati wa Zaire, sisi wanawake wa juu ya kijito Misenge tulikuwa tunaloweka muhogo ndani ya maji yanayoshuka kwa wengine. Unga wa muhogo ule njo ulilisha watoto wangu. Kule chini, karibu na Lualaba, kulikuwa musikiti mudogo, na mutunzaji wake, muzee Bulaimu, alinigombeza kila tulipokutana soko ya Kasuku. Alisema watu wanatawadha kwa maji yenye kunuka, wanaingia kusali kama wametoka jikoni kwangu. Mimi namujibu asogeze musikiti.

Halafu ikaundwa komite ya kijito, na serikali ikatuma mwanamuke wa Butembo, Citoyenne Kavugho, njo kusema mwananchi, vile tuliitana wakati ule, kutufundisha kugawana maji. Watu wa chini walikuja na neno moja: muhogo ukatazwe. Nilijua wakishinda, sina tena unga wa kuuza.

Citoyenne alichora kijito ubaoni, toka chemchemi mpaka Lualaba, akatuweka wote: mashamba, muhogo, matofali, musikiti. Akasema hatutapanga kitu mpaka kila muntu aseme shida ya yule anayegombana naye, kama yake mwenyewe. Sijaona mwalimu mwenye akili vile.

Bulaimu akaambiwa awe mimi. Akaomba kikwembe kwa mwanamuke mumoja, akakifunga juu ya kanzu. Watu wakacheka sana. Mimi nikangoja matusi.

"Mimi njo Mama Kalume," akasema polepole. "Bwana yangu alikufa. Muhogo wangu njo ule muchungu, nisipouloweka utaua watoto. Nikiupeleka mbali, wezi wanauchukua. Sasa muniambie, wazee, niuloweke ndani ya kofia ya Bulaimu?"

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Kumbe muzee yule, na kelele zake zote, alikuwa anajua maisha yangu hivyo.

Zamu yangu ikafika. Maneno ya kumucheka yalikuwa tayari, lakini yakanikimbia.

"Mimi njo Bulaimu," nikasema. "Ninasimama mbele ya Mungu na mikono yenye kunuka."

Citoyenne hakuhukumu muntu. Aliuliza tu muhogo unaweza kulowekwa wapi pasipo kijito. Tukabishana mpaka jua likapinduka, ndipo Sikuli, mupiga matofali, akasema mashimo yake ya zamani ya udongo yanajaa mvua bure, tena watu wake wanalala pale kulinda tanuru. Mwizi hatathubutu.

Jumamosi, saa ya salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote, tukaenda kusafisha mashimo yale. Bulaimu alikuja na jembe, akachimba kuliko vijana. Nilipoleta kikapu, akaninyang'anya, akapanga muhogo ndani ya maji yeye mwenyewe, kisha akauliza unafunikwa na nini. Nikamuonyesha majani ya ndizi.

Alifunika vibaya kabisa. Nilimushukuru, nikangoja ashuke kusali, njo nikafunika upya.