Sema Nawasha Kwanza

Mpaka leo dobi humshukuru fundi mmoja ambaye hata sura yake haijui. Fundi huyo alikuwa akitoboa ukuta wa chumba cha jirani siku dobi na familia yake walipokwenda kliniki. Angechelewa kazini nusu saa tu, pengine dobi angerudi nyumbani na mzigo uleule aliokwenda nao.

Mzigo wenyewe ni huu. Binti yake wa miaka minne, ambaye nyumba nzima humwita Kijiko kwa sababu haachi kijiko mkononi hata akilala, alikutwa na usonji. Maneno yake ni machache, hataki kuguswa ghafla, na anaweza kupanga vifungo kwa rangi tangu asubuhi mpaka njaa imkumbushe kwamba ana tumbo. Dobi hakumwonea haya mwanawe hata siku moja. Aliyemshuku ni yeye mwenyewe. Alipokuwa na mimba yake alifanya kazi kwenye duka la kufulia nguo, akitoa madoa kwa dawa kali zenye harufu ya kukata pumzi, mpaka mwezi wa nane. Basi akajihukumu bila mashahidi: ni zile dawa. Akaacha kazi aliyoipenda, akaitundika aproni yake nyuma ya mlango wa jikoni, na kila alipoiona roho ilimuuma.

Mama mkwe naye hakusaidia. Si mtu mbaya, ila mdomo humtangulia. "Kwetu hakuna kitu kama hicho," alimwambia kila mgeni. "Ukoo mzima tuko sawasawa." Dobi alisikia kila neno akiwa jikoni, akaendelea kuosha vyombo.

Sawasawa! Tangu alipoingia nyumba hiyo akiwa bi harusi, dobi aliona watu hawa wana mambo yao. Wiki ya kwanza tu aliwasha blenda, mama mkwe akamjia juu utadhani kachoma nyumba. "Humu ndani hatuwashi kitu bila kusema Nawasha! Unasema, unahesabu mpaka tatu, ndiyo unawasha." Iwe blenda, iwe cherehani ya umeme, iwe redio. Dobi alidhani ni ukorofi wa wakwe tu, akawa anasema shingo upande, kwa nusu sauti, huku amebetua midomo.

Daktari wa watoto, mwanamke mpole wa makamo, aliwapa fomu ya kuuliza habari za familia. Kuna mtu aliyechelewa kusema? Anayesumbuliwa na kelele? Anayetaka kila kitu kwa utaratibu wake? Mume wa dobi ni karani wa ghala, fomu ndiyo maisha yake. Alijaza upande wa kwao akisaidiwa na mama yake: hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Daktari akaisoma, akawaomba safari ijayo waje wote, na babu pia.

Babu, baba mkwe wa dobi, ni fundi wa kujalidi vitabu. Chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba, kina meza moja nzito, sindano, gundi, na uzi uliopakwa nta. Watu humletea vitabu vilivyoachana kurasa, naye huvirudisha vikawa vizima. Anakula saa saba kamili, si dakika moja kabla wala moja baada. Ukitaka kusema naye, unagonga meza mara mbili kwanza. Kijiko hushinda chini ya meza hiyo, na wawili hao wanaweza kumaliza siku bila kusemeshana, wakaachana marafiki wakubwa.

Basi siku hiyo wakaketi kliniki wote watano. Daktari akaanza upya. "Kuna mtu katika familia anayesumbuliwa na kelele?"

"Hapana," mume na mama yake wakajibu kwa pamoja, kama watoto wa shule.

Ndipo fundi wa chumba cha pili akawasha mashine yake.

Babu na Kijiko waliruka pamoja. Viganja masikioni, viwiko vimekutana kifuani, jicho la kushoto limefumbwa, wote wawili vilevile, ila mmoja alikuwa na kijiko. Mume wa dobi hakungoja. Alifungua mlango akapaza sauti: "Ndugu yangu, si useme Nawasha kwanza!"

Mashine ikanyamaza. Daktari akavua miwani. "Aseme nini?"

"Nawasha," alisema mume. "Kama watu wote nyumbani kwao."

"Sisi kwetu tunawasha tu," daktari akasema.

Mume akamgeukia mama yake. "Mama, si ulisema ni sheria ya umeme?"

Mama mkwe akainamia mkoba wake kama aliyepoteza kitu humo. "Ulikuwa mdogo, maswali hayaishi. Ningekwambia nini?" Akaufunga mkoba. "Tulipooana, niliwasha cherehani baba yako akatoka mbio, akakaa uani mpaka jioni. Nikaona afadhali niwe nasema. Na wewe ukazaliwa, ukawa hivyohivyo. Na shangazi yako, huyo alianza kusema ana miaka mitano. Mimi niliolewa nina miaka kumi na tisa. Nilijua ndivyo watu walivyo."

Daktari alikuwa akiandika haraka. Dobi akajikaza. "Daktari, na zile dawa za madoa?"

Daktari akaweka kalamu chini, akamtazama yeye peke yake. "Usonji kwa sehemu kubwa hurithiwa. Na si kinasaba kimoja, ni vingi vidogovidogo. Vinatoka pande zote mbili, vinakutana kwa mtoto kwa namna yake. Siwezi kukuonyesha kimoja nikakwambia ndicho hiki. Lakini kwa ninayoyaona hapa, sina sababu yoyote ya kukutwika wewe lawama. Wala aliyerithisha hana kosa. Mtu akirithisha pua yake, tunamshtaki?"

Babu akagonga meza mara mbili. Wote wakageuka, maana hajawahi kusema mbele ya mgeni bila kuulizwa.

"Daktari, pale palipoandikwa hapana, futa. Niandike mimi." Kisha akamwelekea dobi, akitazama sikio lake badala ya macho, kama kawaida yake. "Mwanangu, huyu ametoka kwangu. Hukumfanya kitu. Miaka sitini na minane nilikuwa sijapata mtu wa kukaa naye kimya. Wewe umenizalia."

Mama mkwe alimkata mumewe jicho, lakini machozi yalikuwa yakimtiririka. Dobi alilia bila kujificha. Alitamani kumkumbatia mzee, lakini anajua hapendi. Basi akanyoosha mkono akagonga meza mara mbili. "Asante, Baba. Asante sana."

Babu akatazama saa ya ukutani. "Saa sita na robo. Tukitoka sasa tutawahi kula."

Njiani mama mkwe alimshika dobi mkono. "Nisamehe mdomo wangu, mwanangu."

"Mama, miaka yote hiyo ulifanya peke yako?"

"Ningefanya na nani? Hata jina la hali yenyewe nilikuwa silijui."

Dobi akampokea mkoba, na alishukuru kimoyomoyo kwa kila siku aliyofokewa jikoni.

Walipofika, aliitoa aproni nyuma ya mlango. Jumatatu angerudi nayo kazini, lakini kwanza kulikuwa na chakula cha saa saba. Akaivaa, akajaza blenda, akaita kwa sauti ambayo nyumba hiyo haijawahi kuisikia kwake: "Nawashaaa!"

Akachungulia chumba cha kazi. Mikono minne ilikuwa tayari masikioni, kijiko kimesimama juu, na nyuso mbili zilikuwa zikimtazama bila wasiwasi wowote. Dobi akahesabu mpaka tatu, polepole kuliko ilivyohitajika, kisha akawasha.