Mawese Meupe ya Tulinagwe

Unageuza uso, wewe unayesoma. Uligeuza hivyohivyo moshi ulipokuwa ukitoka jikoni kwa Tulinagwe, jirani yetu hapa Tunduma, ukasema tu, "Huyo anaunguza tena mafuta."

Alikuwa akichemsha mawese ya Kyela mpaka wekundu wote uishe. Alianza baada ya wifi yake, Brenda, kusukuma sahani mbele ya wageni. "Wifi, haya si ya kutengenezea sabuni? Au leo umetupikia kutu?" Watu wakacheka. Tangu siku hiyo mawese mekundu hayakuingia chunguni kwake, na katika nyumba ile nyama na mboga zilipatikana kwa nadra.

Mwanawe Angel akaanza kujikwaa kila jua lilipozama. "Mama, mbona hujawasha taa?" Taa ilikuwa inawaka.

Kwenye zahanati muuguzi alimpa mtoto matone ya vitamini A, kisha aliposikia jinsi mawese yanavyochemshwa nyumbani, akasema taratibu, "Mama Angel, wekundu ule ndio kinga ya macho na ya mwili. Ukiuchoma, unabaki na mafuta matupu."

Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilishapata kovu kwa kukosa vitamini hiyo muda mrefu, halitaona tena. Sasa Tulinagwe akimlisha binti yake hukaa upande wa kulia, ili aonekane.

Brenda, nakukumbuka. Nanyi mliocheka, nawakumbuka nyote. Basi wewe unayesoma, inuka sasa hivi: nenda kwa jirani anayechoma mawese, ipua sufuria yake, na mtoto anayejikwaa jioni mpeleke zahanati leo.