Siku Redio Ziliponyamaza

Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, na katikati ukumbi mrefu wa saruji ambako watu waliweka ndoo, viatu na majiko. Chumba cha kwanza mkono wa kushoto kilikuwa cha Bibi Fundi. Aliwahi kuwashonea watu wa mtaa ule walipokuwa wanafunzi, na sasa alikuwa anawashonea watoto wao sare. Cherehani yake ilikuwa ya miguu, nyeusi, maandishi yake ya dhahabu yameshafutika, na aliiweka mlangoni ili apate mwanga na asikose salamu.

Chumba kilichofuata, ukuta kwa ukuta na chake, walikaa mwanawe na mkewe.

Mwanawe aliitwa Mpole. Jina alipewa na majirani, wala hawakulitoa kwa kejeli. Alikuwa fundi rangi. Jioni alirudi na vidoa vyeupe kwenye kope, akasalimia mmoja mmoja, na akimkuta mtu mzima na ndoo ya maji, alimpokea bila kuombwa. Kina mama wengi walimwambia Bibi Fundi, "Wewe umezaa." Naye aliitikia, kwa sababu kweli alizaa, na alimpenda.

Mkewe alipiga pasi kwa dobi wa barabara ya pili. Shati lililopita mikononi mwake, kola ilisimama yenyewe. Alikuwa mtu wa kucheka kwa urahisi, hata kabla hujamaliza kusimulia. Macho ya Bibi Fundi yalikuwa yamechoka, tundu la sindano halioni tena, basi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini mkwe alikaa kwenye kigoda, akatunga uzi kwenye sindano kumi na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji. Kisha akapitisha uzi kwenye cherehani. Hakuna aliyemtuma.

"Kumi zinatosha, mama?"

"Zinatosha. Nikipoteza moja nitashona kwa kucha."

"Kwa kucha zako hizo? Utatoboa na meza."

Ndivyo walivyoagana kila siku.

Nyumba ile ilikuwa na adabu yake. Sauti zikipanda chumbani kwa mtu, majirani walipandisha redio. Hakuna aliyekaa akaiandika kama sheria. Ilikuwa ni namna ya kumsitiri mwenzio, ili kesho akitoka kunawa uso, aweze kusema "Habari za asubuhi" na wewe uweze kumjibu "Nzuri" bila mmoja wenu kuangalia chini. Na haikuishia hapo. Mama Pacha, wa chumba cha mbele, aliyekuwa na redio kubwa kuliko zote, alichota maji ndoo mbili badala ya moja na kuacha moja mlangoni kwa mwenzake. Mwingine aliacha barafu imefungwa kwenye kitambaa, bila kubisha hodi. Bibi Fundi naye, mwanamke akileta gauni akasema, "Nirefushie mikono kidogo," alirefusha, na hakuuliza mikono mirefu ya nini na joto lote lile.

Yeye mwenyewe alishafanyiwa wema huo. Zamani, marehemu mume wake akiwa hai, mama mkwe aliyelala chumba cha pili alikuwa akiongeza redio. Asubuhi alimkuta amemchemshia maji ya kujikanda. Alimshukuru, na shukrani ile hakuwahi kuisahau.

Kwa hiyo Mpole alipooa, na mwezi wa tatu sauti ikapenya ukutani, mkono wa Bibi Fundi ulienda kwenye redio wenyewe, haukumuuliza. Redio yake ndiyo iliyoanza. Za wengine zikafuata.

Miaka miwili ikapita hivyo.

Katika miaka hiyo, mkwe alilalamika mara moja tu. Alimwendea Baba Mkubwa, kaka wa marehemu, naye akaja Jumapili, akapewa kiti kizuri ukumbini, akaita watu. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka haki, kama alivyoielewa.

"Huyu binti anasema anapigwa," alisema. "Mimi siishi hapa. Ninyi mnaishi hapa. Nani alisikia?"

Mama Pacha aliviangalia vidole vya miguu yake. "Mie siku hiyo nilikuwa na redio yangu."

"Na wewe, shemeji?"

"Redio ilikuwa juu," akasema Bibi Fundi.

Wala hakudanganya. Ilikuwa juu kweli.

"Basi hakuna aliyesikia," akasema Baba Mkubwa, na alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mwanangu, ndoa changa zina kelele zake. Vumilia, atakua. Na wewe Mpole, punguza hasira." Mpole akasema "Nimesikia, baba," akambebea mkoba wake mpaka barabarani. Kesho yake asubuhi mkwe alikuja, akakaa kwenye kigoda, akatunga sindano kumi. Ila hakuuliza kama zinatosha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Bibi Fundi alikuwa mlangoni anashona mkono wa shati la shule. Mpole alirudi mapema, akamwamkia, akaingia chumbani. Baada ya muda kidogo mkwe naye akarudi kutoka kwa dobi, amechelewa kwa sababu ya pasi za mkaa. Akamwonyesha Bibi Fundi viganja vyeusi, akacheka, akaingia. Mlango ukafungwa.

Sauti ilipoanza, mkono wa Bibi Fundi ulienda kwenye redio. Akazungusha kitufe mpaka mwisho. Kimya. Upande wa pili akasikia kitufe cha Mama Pacha kikilia *ka*, halafu kimya hicho hicho. Nyumba nzima ilikuwa imenyoosha mkono, na hakuna kilichoitika.

"Nyie," Mama Pacha akawaambia watoto wake, "hebu imbeni ule wimbo wa shuleni."

"Upi?"

"Wowote."

Pacha wakaimba ubeti mmoja, wa pili ukawashinda. Mmoja akasema la kwake, mwingine la kwake, wakanyamaza.

Bibi Fundi akakanyaga cherehani. Hiyo ya kwake haikuhitaji umeme. Akakanyaga kwa nguvu, chuma kikalia, kitambaa kikapita chini ya sindano kama kinafukuzwa. Alishona mkono wa kwanza, akashona wa pili, ndipo alipogeuza akaona hakuna mshono. Uzi ulikuwa umekwisha zamani. Kulikuwa na mstari wa matundu tu, mzuri, ulionyooka, na mkono wa shati ukaachia, ukamwangukia mapajani.

Akaondoa mguu.

Alikuwa ametegemea kusikia makelele. Sauti ya mwanawe ilikuwa ya chini, ya taratibu, ile ile ya kusalimia watu.

"Nimekuuliza ulikuwa unacheka na nani. Nijibu ukiniangalia."

Halafu kishindo. Halafu tena, "Nijibu ukiniangalia."

Bibi Fundi aliyajua maneno hayo. Yalikuwa ya marehemu, neno kwa neno, hata pumzi iliyo kati yake. Mpole alikuwa na miaka saba baba yake alipofariki, na mama yake aliamini siku zote kwamba mtoto hakuchukua kitu. Sasa aliona alivyokosea. Ile redio ya zamani ilikuwa chumba cha pili, ikiwaziba majirani masikio. Mtoto alikuwa chumba hiki hiki, kitandani, macho wazi.

Kisha akamsikia mkwe. Hakuwa analia. Alinong'ona.

"Polepole. Umeme umekatika. Mama atasikia."

Yule binti yuko chini ya mkono wa mtu, na anamhurumia mama wa mtu huyo asije akaumia moyo. Kwa huruma hiyo hiyo alikuwa akimtungia sindano kumi kila asubuhi.

Bibi Fundi akasimama. Futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Akashika ukuta, akafika kwenye mlango wa pili.

"Hodi."

"Nani?"

"Mama yako."

"Tunaongea kidogo, mama. Nakuja."

"Najua. Nimesikia. Fungua."

Mlango ukafunguka nusu. Mpole alitabasamu kama anavyowapokea wageni, na kwenye kope kulikuwa na vile vidoa vyeupe. "Mama, haya ni mambo ya chumbani."

"Ndiyo. Nami naingia chumbani."

Alimwogopa. Hilo alikuja kulisema baadaye bila kuficha: alimwogopa mtoto aliyemnyonyesha. Lakini alikuwa mfupi, na mwanawe alikuwa ameweka mkono juu kwenye fremu ya mlango, basi akapita chini yake.

Mkwe alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na kapu la nguo. Mdomo umepasuka. Alipomwona Bibi Fundi alijaribu kusimama, akasema, "Shikamoo, mama," kana kwamba hawakuwa wameonana muda mfupi uliopita.

"Marahaba. Kaa tu." Bibi Fundi akakaa chini naye, kazi iliyochukua muda kwa magoti ya mtu wa umri wake. Halafu akamwambia mwanawe, "Nenda ukakae nje."

"Unanitoa chumbani kwangu?"

"Ndiyo."

Mama Pacha alikuwa ametokea mlangoni na beseni la maji. Kwa kawaida angeliweka chini na kuondoka. Safari hii alibaki amelishika, maji yakimwagikia miguuni. "Na mimi nimesikia," alisema, akiliambia beseni.

Mpole aliwaangalia wote watatu. "Mmenivua nguo mbele ya watu."

"Umeme ndio umekuvua, mwanangu," akasema Bibi Fundi. "Sisi tumekufunika miaka miwili."

Mpole akatoka. Watu ukumbini walimpisha, na hakuna aliyemsalimia, kwa sababu hawakujua wamwite nani.

Mama Pacha alipiga magoti akalowesha kitambaa. Bibi Fundi akamuuliza mkwe swali ambalo hakuwahi kuulizwa yeye, wala hakuwahi kumuuliza mtu. "Unataka nini?"

Binti alifikiri. "Nataka kwenda kwa dada yangu. Na nataka iandikwe."

"Iandikwe wapi?"

"Kituoni. Baba Mkubwa aliniuliza nani alisikia. Nilikosa wa kumtaja."

Kabla jua halijazama Baba Mkubwa alikuwa amepata habari, akapiga simu. "Shemeji, haya yanamalizwa ndani. Wewe mwenyewe ulivumilia, na watu wakakuheshimu."

"Sikuvumilia, shemeji. Sikuwa na pa kwenda."

"Mbona hukusema?"

"Wakati ule ulikuwa unakaa hapa hapa, chumba cha tatu. Redio yako ilikuwa ya kijani."

"Huyo ni mwanao wa kumzaa," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Utakula naye wapi?"

Bibi Fundi aliaga kwa heshima, akakata. Chumbani kwake, mkwe alikuwa amelala kwenye kitanda cha wageni, na mlangoni Mama Pacha alikuwa amekaa na pacha wake, amepaziba kwa mwili wake, anachambua mboga polepole kuliko kawaida.

Asubuhi walikwenda wawili kituo cha polisi kwa miguu, mkoba wa binti katikati, kila mmoja ameshika mpini. Bibi Fundi aliweka kwenye mfuko wake lile shati la shule na sponji ya sindano, kwa sababu alijua mahali kama pale watu husubiri. Walisubiri kweli, kwenye benchi refu chini ya dirisha. Alipoitwa, mkwe alieleza yake. Askari, mtu wa makamo mwenye miwani, aliandika bila haraka, kisha akauliza lile lile ambalo huulizwa.

"Kuna aliyesikia?"

"Mimi," akasema Bibi Fundi.

"Wewe ni mama yake?"

"Mama wa kijana."

Kalamu ikasimama. Askari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema kwa upole, kama mtu anayemzuia mzee asivuke barabara, "Mama, umefikiri vizuri? Nikishaandika jina lako hapa, limeandikwa."

"Nimechelewa kufikiri. Lakini nimefikiri. Andika."

"Haya. Ulisikia nini, hasa?"

Akamwambia. Alimwambia saa, na pacha walioimba ubeti mmoja, na shati lililoshonwa bila uzi. Alimtamkia maneno ya mwanawe kama yalivyokuwa, hakuongeza wala hakupunguza, na ya mkwe vilevile, mpaka "Mama atasikia". Kisha askari akamsomea yote aliyoandika, taratibu, na Bibi Fundi akamsahihisha mahali pamoja: alikuwa ameandika "ugomvi".

"Hawakugombana," alisema. "Mmoja alikuwa anampiga mwenzake."

Askari akakata neno lile, akaandika juu yake.

Wakarudishwa benchi kusubiri muhuri. Bibi Fundi alitoa shati mfukoni, akachukua sindano, akaielekeza dirishani. Uzi ukapita pembeni. Akaulowesha kwa ulimi, ukapita pembeni tena. Alikuwa anamfikiria mwanawe, kama amekula.

"Lete, mama," akasema mkwe.

Aliutunga mara moja, akafunga fundo. Akachukua nyingine kwenye sponji, na nyingine. Alipofika ya kumi hakuacha. Aliendelea mpaka sindano zote zilizokuwa pale zikapata uzi, kwa sababu kwa dada yake ni mbali, na hakujua atarudi lini.

"Zitatosha?" aliuliza.

"Nitazitumia kidogo kidogo," akasema Bibi Fundi, akainamia shati na kuanza kuushona ule mkono upya, akifuata matundu yale yale.