Mpunga wa Wifi Scolastica

Theodosia alipoolewa Lumemo, kijiji cha bondeni, mwaka 1954, alijiona mchapakazi kuliko wanawake wote wa bonde lile. Akiwa juu ya dungu, jukwaa la kuamia ndege wasile mpunga, mikono yake ilisuka ukili wa mkeka, miguuni alikuwa na ungo wa mboga za kuchambua, na kila aliyepita njiani alisimamishwa mpaka habari zimwishe. Jioni moja alishuka akakuta kona nzima ya mpunga imebaki mabua matupu. Ndege walikuwa wamekula mbele ya macho yake, na mkeka wenyewe haujafika hata nusu.

Shamba lililopakana na lake lilikuwa la Scolastica, dada mkubwa wa mumewe, mjane mwenye watoto watatu. Kule hakukuwa na pengo. Lakini kilichomshangaza zaidi Theodosia ni kwamba wifi yake hakuwa na haraka hata kidogo. Dunguni hakushika kitu ila kombeo. Mtu akimsalimu, aliitikia macho yakiwa mpungani: "Nitakuja kwako jioni, tuongee vizuri." Na alikwenda kweli. Kila jioni, kabla ya kukoka moto, alipita kwa mtu mmoja kumshukuru kwa jambo fulani: ngazi aliyotengenezewa, au mbegu aliyoazimwa.

"Shikamoo, wifi," Theodosia alimwambia siku moja. "Hebu nieleze, muda wa kutembea unaupata wapi?"

"Marahaba. Ndege wakienda kulala, na mimi nimemalizana nao. Siendi nao nyumbani kichwani. Kwa hiyo muda upo."

"Na hizo shukrani za kila siku?"

Scolastica alicheka. "Tangu marehemu aondoke, sijalima peke yangu hata msimu mmoja. Nisipokwenda kuwaambia watu, nitaanza kudhani nimelima peke yangu."

Mpunga ulipoanza kugeuka rangi ya dhahabu, Scolastica akashikwa na homa kali, hawezi hata kuinuka. Fulgensi, mume wa Theodosia, alikuwa kwenye kazi ya mbao Mang'ula. Mashamba mawili yakamwangukia Theodosia mmoja.

Asubuhi ile aliacha ukili nyumbani. Akasimama mpakani, akatazama mpunga, basi. Haikuwa rahisi. Mawazo yalimtoroka kila mara, mara kwa mgonjwa, mara kwa mume, naye akayarudisha kama mtu arudishaye mbuzi zizini. Jua lilipopanda, ndege walishuka kama wingu, akarusha mawe mpaka bega likamuuma.

Ndipo akatokea Mzee Dionisi, mvuvi, wavu ukiwa begani.

"Nasikia Scolastica yuko kitandani," alisema. "Mwaka juzi nilimpa kambale wawili. Alitembea kutoka huku mpaka kwangu kuja kunishukuru. Kambale wawili tu! Lete kombeo, binti, ukapumzike."

Kesho yake alikuja jirani, Yosefina, na binti zake, wakigonga madebe kufukuza ndege. Wakaja pia wengine ambao Theodosia hakuwajua hata majina. Hakuna aliyeitwa. Mpunga wa Scolastica ulisimama wote mpaka siku ya kuvuna, na wa Theodosia pia.

Scolastica alipopata nguvu alikuja shambani taratibu, fimbo mkononi. Alizunguka mipaka yote, kisha akamjia Theodosia na kumshika mikono yote miwili.

"Asante kwa ile kona ya kule bondeni," alisema, "yenye matope. Mimi mwenyewe huwa naikwepa, najidai siioni. Wewe umeingia mpaka magotini. Nimeona nyayo zako."

Theodosia alitaka kusema si kitu, wifi, ni kazi tu. Katika maisha yake alikuwa amesifiwa kwa kufanya mengi, lakini hakuna aliyewahi kuitazama kazi yake kwa makini namna ile. Akabaki amesimama, machozi yakimlengalenga, akimwangalia mwanamke yule aliyekuwa bado anatetemeka kwa udhaifu, na moyoni akamwomba Mungu ampe macho kama yale.