Garaji Isiyo na Mafuta

Assia alipovaa kaski ya mchezo wa kompyuta, ile inayofunika macho, na kujikuta ndani ya garaji yake, akaona sakafu inang'aa. Safi. Si tone la mafuta, si alama ya gurudumu. Akageuza kichwa huku na huku, akidhani macho yanamdanganya. Mapipa ya oili chafu hayapo. Matambara hayapo. Hata bomba la maji katikati ya uwanja limeondolewa, na mahali pake kuna chungu cha maua. Maua, jamani, garajini!

Akajua ni Darius. Nani mwingine? Wenye mchezo walikuwa wawili tu, katika kile chumba chao cha mtaa wa Mutanga Nord, Bujumbura, wamesoma darasa moja, wametengeneza mchezo mmoja. Darius aliandika programu, Assia akachora ramani, yaani garaji yenyewe. Na Darius hakumwuliza.

Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Watu watano wanavaa kaski, kila mmoja anajikuta fundi garajini, na mmoja wao ni muuaji. Muuaji anaua kwa kukushika kiganja kwa kiganja, basi. Mtu akifa, wanakusanyika, wanabishana, wanapiga kura moja tu. Wakimtoa muuaji wameshinda. Wakimtoa mwingine, wamekwisha.

Sasa niambie, Mrundi gani atakataa mkono wa mtu? Ukiingia mahali unasalimia, ukipewa mkono unapokea, hata kama moyo unakwambia kimbia. Majaribio ya kwanza watu walikufa mlangoni kama kuku, wakisalimia "amahoro". Ndipo Assia akafikiria mtaa wa Buyenzi, kwa mafundi wa magari waliomlea. Fundi mwenye mikono ya oili hakupi kiganja, anakupa kifundo cha mkono, na hakuna anayeona vibaya. Akaijaza garaji mafuta. Ukifanya kazi, mikono yako inakuwa myeusi na una sababu ya heshima ya kujikinga. Muuaji hafanyi kazi, anajifanya tu, kwa hiyo mikono yake inabaki safi. Akiulizwa atasema amenawa. Lakini bomba ni moja, liko katikati, na anayenawa anaonekana. Hapo ndipo utamu ulipokuwa, na hapo ndipo Darius alipopanda maua.

"Mi niliona aibu," Darius akanong'ona walipovua kaski. "Jovithe ametoka mbali, ataona garaji chafu, atasema Bujumbura ni hivi? Nikasafisha kidogo."

Jovithe ndiye huyo aliyekaa kwenye kochi, Mrundi wa Ubelgiji, mwakilishi wa kampuni inayotafuta mchezo mmoja wa kuusambaza. Mmoja, si miwili. Mwaka mzima Assia alikuwa anamngoja mtu kama huyu. Na tayari raundi ya kwanza ilikuwa imeharibika mbele yake: Bonfils, mmoja wa marafiki watatu walioitwa kucheza nao, alikuwa muuaji, akasalimia watu wanne, akaua watu wanne, hata mkutano haukuitishwa.

"Kidogo," Assia akanong'ona. "We umeng'oa roho ya ramani, unaniambia kidogo."

Hakupiga kelele, kwa kuwa mgeni yupo. Akafungua kompyuta yake, akairudisha ramani ya zamani, oili na bomba na kila kitu, akamwomba Jovithe wacheze tena. Jovithe akakubali na kutazama skrini ya ukutani, iliyoonyesha garaji kwa macho ya Bonfils.

Raundi hiyo ilikwenda vizuri ajabu. Watu walipeana vifundo vya mikono, wakacheka, wakachunguzana. Assia alijichagulia kazi ya kuziba gurudumu kando ya bomba, na hakutoka pale. Léonce akaanguka, amekufa, nyuma ya gari moja. Wakakusanyika, mikono mbele. Ya Bonfils nyeusi, ya Darius nyeusi, ya Assia nyeusi. Ya Chanelle safi.

"Mi nimenawa," Chanelle akasema.

"We Assia ulikuwa hapo kwa bomba," Bonfils akasema. "Amenawa ao hajanawa?"

Hakunawa. Hakuna aliyelikaribia bomba lile. Ilibaki Assia aseme neno moja, ramani ishinde, na Jovithe alikuwa amesogea ukingoni mwa kochi.

"Ngojeni kwanza," sauti ya Jovithe ikaingia kutoka nje ya kaski. "Hii ya mikono ni akili kubwa. Wazo la nani?"

"Langu, Madamu," Darius akasema, bila hata kumeza mate. "Mi napenda sana mambo ya utamaduni wetu. Nikasema tuweke mafuta, mutu apate namna ya kukataa mukono."

Msinitolee ile methali ya hasira na hasara, Assia anaijua kuliko ninyi. Aliijua pale pale, amesimama na mikono yake myeusi mbele ya mtu aliyepanda maua asubuhi na sasa anavuna mafuta. Lakini kuna hasira haingoji ushauri.

"Chanelle nilimuona ananawa," akasema. "Muuaji ni Darius. Hiyo oili amejipaka baada ya kuua."

"Mimi?" Darius akasema. "Assia, apana. Angalia vizuri."

"Nimeangalia vizuri."

Walimwamini. Garaji ni yake, bomba ni lake, angekosea vipi? Vidole vitatu vikamwelekea Darius, na maandishi yakatokea hewani: hakuwa muuaji. Chanelle akaangua kicheko, haamini bahati yake.

Jovithe alikuwa anafunga mkoba wake walipovua kaski. Alisema kwa upole, na upole ule ulichoma zaidi, kwamba wazo ni zuri, lakini kama aliyekaa na bomba anaweza kudanganyika hivi, mchezaji wa kawaida atafanyaje? Akawaaga mmoja mmoja, akatoka.

Darius alibaki katikati ya chumba, kaski mkononi.

"Ulijua ni Chanelle."

"Nilijua."

"Umeua ramani yako, Assia. Ilikuwa yako yote, mi sikuchora hata ukuta mumoja."

"Kamwambie Jovithe," Assia akasema, na gari la Jovithe lilikuwa limeshatoka getini.